Nani Huandika Jeraha la Kibarua

Muda mrefu kabla serikali haijamwandikia kibarua wa South Nyanza, Kenya, karatasi ya fidia, ilimwandikia karatasi ya kumfuata. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume aliyefikisha umri wa miaka 16 akalazimika kubeba kipande. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, wilaya aliyotoka, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na sahihi ya kumruhusu kuondoka. Karatasi hiyo ilikunjwa, ikatiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Aliyetoroka shamba la Mzungu aliweza kusakwa kutoka Kericho hadi Karungu kwa sababu alama ya kidole chake ilikuwa kwenye faili.

Naanza na kipande kwa sababu nimeishi maisha yangu yote kati ya karatasi za watu wa kazi, na nimefikia kuamini jambo moja: katika nchi yetu historia ya fidia ni historia ya mtu aliyeshika kalamu. Serikali ya kikoloni ilijua kuandika kwamba kidole ni cha nani. Kidole hicho kilipokatwa na mashine, hapakuwa na ukurasa wa kuandika.

Baba yangu alikuwa mwandishi wa barua mjini Homa Bay. Mwaka 1961, Kisii ilipotengwa kuwa wilaya yake, makao makuu ya South Nyanza yakawa huko kando ya Ziwa Victoria, na pamoja na ofisi wakaja waandishi wa barua, wazee wenye taipureta na meza ndogo chini ya mti. Watu walikuja na shida za mashamba, mahari, karo na mirathi. Baba alijulikana kwa barua za waliojeruhiwa kazini. Wanaume waliorudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho, mashamba ya mkonge ya Thika, bandari ya Mombasa na reli walifika kwake na mkono uliofungwa kitambaa, wakasema, "Karani, niandikie wajue." Nami nilirithi kazi hiyo. Tofauti ni kwamba mimi niko Migori, karibu na steji, na badala ya taipureta nina kompyuta na skana. Wateja wangu huniita madam, lakini wanachotaka ni kilekile: niandikie wajue.

Baba alihifadhi nakala. Ni karatasi nyembamba zilizopigwa kwa kaboni ya buluu, na kila herufi "e" ina mkia uliokatika kwa sababu ya kasoro ya mashine yake. Nimezisoma zote, na kinachonichoma moyo ni tarehe. Juu ya barua mna siku ya kuandikwa, na ndani yake mna siku ya ajali, na kati ya siku hizo mbili mna miezi, mara nyingine miaka. Mtu aliumia, akapelekwa zahanati, akafungwa jeraha, akaambiwa arudi kwao apone. Alipopona akarudi kazini, akakuta nafasi yake imejazwa na hakuna kitabu chochote kilichoonyesha kwamba aliumia. Ndipo akakumbuka mzee mwenye taipureta.

Kwa nini hakukuwa na kitabu? Sababu ni ya kale. Ujerumani ilikuwa na bima ya ajali za kazini tangu 1884. Uingereza ilipitisha sheria yake ya fidia mwaka 1897. Lakini mwenye shamba au mgodi Kenya, ambaye kwao asingeweza kumwacha mchimba makaa wa Wales bila chochote, huku kwetu aliweza. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi wa Kenya ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940, miaka hamsini hivi baada ya ile ya Uingereza, na baadaye ikajulikana katika vitabu vya sheria kama Sura ya 236. Kabla kungoja huko hakujaisha, watu wa wilaya yetu walikuwa tayari chini ya ardhi.

Nasema chini ya ardhi kwa maana halisi. Dhahabu ya Migori ilianza kuchimbwa na makampuni kati ya vita viwili vya dunia, na Macalder, kule Nyatike, ukawa mgodi mkubwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Shirika la Maendeleo la Makoloni la Uingereza liliwekeza mtaji hapo, na mgodi ukatoa shaba pamoja na dhahabu na fedha hadi ulipofungwa mwaka 1966. Ukifika leo utaona vilima vya mabaki ya mawe yaliyosagwa, na vijana wakiyachambua upya kutafuta chembe ambazo mitambo ya zamani iliziacha. Wazee wa pale wanaweza kukuonyesha palipokuwa na nyumba za wafanyakazi na lilikokuwa shimo kuu. Wanaweza pia kukutajia waliorudi wakikohoa.

Sheria ilipokuja, ilikuja na fomu. Watu wa ofisi za kazi waliiita LD 104. Sehemu ya kwanza ilijazwa na mwajiri: nani ameumia, lini, wapi, alikuwa akifanya nini, analipwa kiasi gani. Sehemu ya pili ilijazwa na daktari: jeraha gani, atakaa nje ya kazi muda gani, amepoteza asilimia ngapi ya uwezo wake. Afisa wa kazi alipiga hesabu. Tazama mgawanyo huo vizuri. Mwajiri aliandika, daktari aliandika, afisa aliandika. Yule ambaye mkono wake ulikuwa umekatika hakuwa na mstari wa kueleza ajali ilivyotokea. Mwajiri ambaye hakutaka kulipa hakuhitaji kusema uongo, ilitosha asianze kuandika. Barua za baba yangu zilikuwa jaribio la kuziba pengo hilo kwa taipureta, na nyingi zilimwomba mwajiri jambo moja tu: tafadhali jaza fomu.

Ninapofikiria haya huwa namkumbuka Tom Mboya, na si kwa sababu tu kaburi lake liko kisiwani Rusinga, ndani ya ziwa letu. Mboya alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge la Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa nyapara. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Mtoto wa shamba la mkonge akawa mtu wa kupita kwenye majengo na kuandika kasoro alizoziona. Kuanzia 1953 aliongoza Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, wakati ambapo hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa imefunga karibu kila mdomo mwingine, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi. Mnamo Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano Kazini. Kwangu mimi huo ndio wakati mfanyakazi alipopewa kalamu kwa mara ya kwanza, kupitia chama chake. Penye mwakilishi wa chama, fomu iliweza kudaiwa na mtu asiyeogopa kufukuzwa. Pasipo na chama, mambo yalibaki palepale.

Na sehemu kubwa ya kazi zetu haikuwa na chama. Katika miaka ya 1970 ilianzishwa Kampuni ya Sukari ya South Nyanza huko Awendo, na mashamba kutoka Rongo hadi Ranen yakageuka miwa. Katika muongo wa 2010 Ndhiwa nayo ikapata kiwanda chake. Kiwandani mlikuwa na mafundi wa kudumu wenye kadi za chama. Shambani walikuwa wakata miwa na wapakiaji, wanaolipwa kwa tani, wanaoletwa alfajiri na trekta, wanaojulikana na nyapara peke yake. Panga likiteleza kwenye mua wenye umande hukata mguu kati ya goti na kifundo. Nimeona majeraha ya namna hiyo kiasi kwamba naweza kumtambua mkata miwa wa mkono wa kushoto kwa kovu lake. Mtu huyo akiumia, jina lake mara nyingi liko kwenye daftari la nyapara kwa kalamu ya risasi, bila namba ya kitambulisho.

Chini ya Sura ya 236 aliyeumia angeweza pia kwenda mahakamani kudai kwamba mwajiri alizembea. Kwa hiyo mawakili walijaa katika miji yetu, na kesi za majeraha ya miwa zikawa sehemu ya kila siku ya mahakama za Migori, Rongo na Homa Bay. Wengi walilipwa. Wengine walilipwa kiasi ambacho gharama za kesi zilikimeza. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo kila mtu huiita WIBA, ikaanza kutumika Juni 2008. Sheria hii ilibadilisha mlango. Madai yote yaende kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, mwajiri alazimike kuwa na bima, na mfanyakazi asihitaji kuthibitisha kosa la mtu. Asiyeridhika na uamuzi apeleke pingamizi ndani ya siku 60, na akishindwa hapo akate rufaa.

Chama cha Wanasheria kilipinga. Tarehe 4 Machi 2009 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu muhimu vya sheria hiyo kuwa kinyume cha katiba. Novemba 2017 Mahakama ya Rufani ikabatilisha sehemu kubwa ya uamuzi huo. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Mahakama ya Rufani. Hesabu miaka hiyo mwenyewe: zaidi ya kumi, na katika muda huo wote mtu aliyepoteza jicho Awendo hakujua kwa hakika aelekee mlango upi. Nilikuwa na faili za watu waliokwenda mahakamani kwa nia njema, wakakuta baadaye kwamba mahakama haina tena mamlaka ya kuwasikiliza. Ni mwaka 2023 tu, mwezi wa Aprili, Jaji Mkuu Martha Koome alipotoa mwongozo katika Gazeti Rasmi kuhusu kesi zilizokuwa zimekwama. Kuna wateja wangu ambao mwongozo huo uliwakuta wamekwisha fariki. Sina neno jepesi la kulisemea hilo.

Hata hivyo sheria ya 2007 ina kifungu kimoja ambacho ningekichapa kwa herufi kubwa na kukibandika kwenye kila steji ya matrekta. Inasema taarifa ya ajali inaweza kutolewa kwa mwajiri kwa maandishi au kwa mdomo, na mfanyakazi mwenyewe au mtu mwingine kwa niaba yake. Kwa mdomo! Baada ya kupata taarifa hiyo, mwajiri ana siku saba za kumjulisha Mkurugenzi, na kama mtu amekufa, ni saa 24. Madai yenyewe hupelekwa ndani ya miezi 12. Madai yakishapelekwa, mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulipa. Kwa ulemavu wa kudumu hesabu huanzia mapato ya miezi 96. Anayelipwa 15,000 kwa mwezi, akipimwa na daktari kuwa na ulemavu wa asilimia 10, hesabu yake ni 15,000 mara 96, yaani shilingi 1,440,000, na asilimia 10 ya hizo ni 144,000. Kwa familia ya Uriri fedha hizo ni ng'ombe, karo na paa jipya. Lakini siku saba za mwajiri zinaanza kuhesabiwa lini, kama taarifa ilikuwa ya mdomo na aliyeisikia ni nyapara? Hapo ndipo madai mengi hufia.

Mwaka juzi mpwa wangu, anayesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Rongo, aliniletea fomu ya mtandaoni aliyoitengeneza na wenzake kwa ajili ya madai haya. Wakati wenyewe ulikuwa umefika. Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana kwenye tovuti yake ya eCitizen, na vijana wetu wamekua wakiona kila kitu kinaombwa kwa simu. Fomu yake ilikuwa safi na ya haraka. Nikaifungua kwenye kompyuta yangu, na kisanduku cha kwanza kilisoma: jina la mwajiri. Cha pili: PIN ya mwajiri ya KRA, mamlaka ya kodi. Bila PIN, ukurasa wa pili haukufunguka.

Nilimwambia, "Mwanangu, umeitengeneza LD 104." Hakuelewa, kwa hiyo nikamtolea sanduku la babu yake. Akakaa nalo mchana kutwa, akisoma zile barua za buluu. Jioni aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Sasa shangazi, fomu ianze wapi?"

Ianze na ajali. Ianze na yule aliyeumia akisema, kwa Dholuo, Kikuria au Kiswahili, kilichompata, na simu ikirekodi sauti yake. Sheria imekubali mdomo, basi programu nayo ikubali mdomo. Wengi wa ninaowahudumia wana simu za kabambe zisizofungua intaneti, kwa hiyo iwepo njia ya kubonyeza namba na nyota kama tunavyotumiana pesa. Papo hapo itume ujumbe wenye tarehe, saa na namba ya kumbukumbu kwa mfanyakazi, kwa mwajiri na kwa ofisi ya Mkurugenzi, ili siku saba zianze kuhesabiwa mbele ya watu watatu. Jina kamili la kampuni, PIN, bima, hivyo vyote vitafutwe baadaye na ofisi yenye uwezo wa kuvitafuta. Mkata miwa hawezi kujua PIN ya mtu aliyempandisha kwenye trekta. Na kisanduku cha mshahara kikubali malipo ya tani na ya siku, maana hapo ndipo miezi 96 inapopata thamani au inapokuwa bure.

Kuna jambo gumu zaidi, na hapa mpwa wangu alinyamaza muda mrefu. Kazi za hatari kuliko zote katika kaunti za Migori na Homa Bay hazina mwajiri anayeonekana. Kule Osiri na Mikei mwenye ardhi hupata mgao wake wa mawe, mwenye shimo wake, na wachimbaji wao, hakuna mshahara. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kutaka wawe na vibali, lakini shimo likiporomoka msimu wa masika, anayeandikwa kama mwajiri ni nani? Wanawake wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu kwenye karai, ambao ugonjwa wao utajitokeza baada ya miaka, wataandika tarehe gani ya ajali? Ziwani ni vilevile. Kutoka Mbita, Sindo na Mfangano boti za omena huingia majini usiku na taa zao. Asubuhi hutolewa gharama ya mafuta, kisha mwenye boti na wavuvi wanagawana. Mvuvi akizama, mjane wake anaambiwa marehemu alikuwa mshirika, hakuwa mwajiriwa. Mimi nasema mtu asiyeweza kuamua boti iende wapi, wala wavu uwe wa nani, huyo ni mwajiriwa, hata kama analipwa kwa samaki. Fomu nzuri ingeyapokea madai yake, na kuliacha swali hilo kwa Mkurugenzi na mahakama. Fomu mbaya inalijibu yenyewe kwa kukataa kufunguka.

Watu wa Isebania wanajua kwamba ng'ambo, Sirari, mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Tanzania ilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na tangu Julai 2015 ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: waajiri huchangia, na Mfuko ndio hulipa. Huko mwajiri bado anatakiwa kutoa taarifa, lakini anayetoa pesa ni mwingine, na hivyo sababu kubwa ya kunyamaza imepungua. Kenya ilichagua bima binafsi, kila mwajiri na kampuni yake. Naona Tanzania walichagua vizuri zaidi, na wabunge wetu wa mpakani hawahitaji kusafiri mbali kwenda kujifunza.

Mpwa wangu na wenzake wanaiandika fomu upya. Wamekwisha ondoa PIN kwenye ukurasa wa kwanza. Wanahitaji ofisi ya serikali itakayokubali kuipokea, na hilo haliko mikononi mwao. Naziomba serikali za kaunti za Migori na Homa Bay ziwasaidie kufika kwa Mkurugenzi.

Nawe msomaji, ukiumia kazini leo, usingoje fomu ya mtu yeyote. Mwambie nyapara au msimamizi siku hiyohiyo, mbele ya mwenzako, na uandike jina la huyo mwenzako. Mtumie ujumbe wa simu hata kama anakaa nyumba ya pili. Zahanatini hakikisha daktari ameandika kwamba ni jeraha la kazini, na usiache kitabu chako cha matibabu kwa mtu. Kabla miezi 12 haijaisha, peleka madai kwenye ofisi ya Usalama na Afya Kazini. Ukikosa wa kukuandikia, waandishi wa barua bado tupo.